Petroli ya Kinamasi

Leo tunataka kuwaeleza habari ya kosa letu wenyewe, tena kosa lililomgharimu mtu mwingine.

Sisi ni katekista katika kituo kimoja kando ya Ziwa Albert, upande wa Ituri, chini ya milima ile mirefu inayoangalia maji. Tulisoma miaka mingi seminarini. Basi mnajua wenyewe, mtu aliyepita seminarini, hata kama hakufika kwenye upadri, kijijini anaulizwa kila jambo: barua ya serikali, ugonjwa wa mbuzi, bei ya kahawa, na hata mambo yaliyofichika chini ya ardhi. Ubaya ni kwamba mtu huyo huona haya kusema, “Sijui.”

Mwaka 2014 redio zilitangaza kwamba kampani yenye vibali upande wetu wa ziwa imekisia mapipa bilioni 3 ya petroli chini ya maji na chini ya pwani yetu. Tangu siku ile watu wetu walianza kuangalia udongo kwa macho mengine. Asubuhi moja kaka yetu mkubwa, mvuvi wa kapitene, alikuja kutugongea mlango kabla ya kengele. “Mdogo wangu, njoo uone kitu. Usimwambie mtu.” Akatupeleka nyuma ya matete, kwenye kinamasi cha jirani. Jua lilipopanda kidogo tuliona juu ya maji ngozi nyembamba yenye rangi za upinde wa mvua: buluu, zambarau, dhahabu, kama ile inayoonekana pale motere ya mtumbwi inapodondosha mafuta ziwani. Pembeni palikuwa na tope jekundu.

“Hii ni petroli, sivyo?”

Tulikuwa tumesoma mahali fulani kwamba petroli ya Uganda ilijulikana kwanza kwa sababu ilivuja yenyewe juu ya nchi. Habari hiyo ni kweli kabisa. Tukajibu kama mtu aliyesoma: “Ndiyo, yaya. Ni petroli.”

Juma lile kaka aliuza motere yake, iliyokuwa na miaka miwili tu, pamoja na nyavu mbili, akanunua kinamasi kile. Karatasi ya mapatano tuliiandika sisi kwa mkono wetu, tukatia sahihi kama shahidi. Jirani hakuambiwa sababu ya haraka ile. Hilo nalo tunaliandika hapa, kwani ni sehemu ya kosa.

Miaka minne ikapita. Hakuna aliyekuja kununua kitu. Kaka alikuwa akivua katika mtumbwi wa mtu mwingine, akipewa fungu la mfanyakazi. Mwaka 2018 kijana mmoja aliyesomea habari za miamba katika chuo kikuu alikuja kuwasalimu wajomba zake. Tulimwomba atazame kinamasi. Moyoni tulitaka atusifu.

Kijana yule hakuanza na maneno makubwa. Alivunja tete, akaichoma ile ngozi yenye rangi. Ikavunjika vipande vipande kama ganda la yai, vipande vyenye pembe, vikaelea kila kimoja upande wake, na maji matupu yakabaki katikati. Kisha akatoa tone la petroli kwenye pikipiki yake, akalidondosha katika bakuli la maji. Rangi zilezile zikatokea. Akachoma kwa tete: ngozi ikaizunguka tete, na alipoiondoa ikajifunga tena kana kwamba hakuna kilichopita. “Mwalimu,” akasema, “ile ya kinamasi ni kutu. Udongo una chuma, maji yanakitoa, na vijidudu visivyoonekana kwa macho vinaishi kwa chuma hicho. Ndiyo sababu tope ni jekundu.”

Wasomaji, jaribio hili halina gharama. Kila mmoja wenu anaweza kulifanya kwenye dimbwi lolote. Sisi tulilijua baada ya miaka minne na motere moja.

Kijana alikaa kwetu siku tatu, nasi tulimwuliza maswali mpaka usiku. Tulitaka kujua: kama rangi juu ya maji si dalili, wataalamu wanajuaje mahali pa kutoboa? Tuliyoyaelewa ndiyo haya.

Jambo la kwanza, chini ya ardhi hakuna ziwa la petroli wala pipa kubwa. Sisi tulidhani hivyo, tena tulikuwa tumewafundisha watoto hivyo. Kijana akajaza mchanga mkavu katika chungu cha vikombe kumi, mpaka mdomoni. “Kimejaa?” Kimejaa. “Sasa mwaga maji.” Tukamwaga kikombe kimoja, cha pili, cha tatu, na maji hayajaonekana juu. Maji yalikuwa yakikaa kati ya punje na punje. Petroli nayo hukaa hivyo, ndani ya jiwe la mchanga ulioshikamana, katika matundu madogo ambayo jicho halioni vizuri. Jiwe hilo ndilo ghala. Anayetafuta petroli kumbe anatafuta mchanga wa zamani.

Lakini ghala halitoshi. Lazima pawe na mama, yaani tope la ziwa la kale lililojaa majani mateke ya majini na vijidudu vilivyokufa, likafunikwa na tabaka nyingine juu yake kwa mamilioni ya miaka, likazama mpaka kwenye joto. Joto likifika nyuzi 60 hivi, tope huanza kutoa petroli. Likipita sana nyuzi 120, linatoa zaidi gesi. Kwa kawaida hayo hutokea kilometa mbili mpaka nne chini ya miguu yetu. Tena lazima pawe na kifuniko, udongo wa mfinyanzi usiopitisha kitu. Petroli ni nyepesi kuliko maji, na mchanga wote wa chini umejaa maji. Kwa hiyo petroli hupanda, hupanda, mpaka ikutane na kifuniko. Na mwisho pawe na mtego, mahali ambapo tabaka zimekunjwa au zimekatwa, petroli isipate njia ya kukimbilia pembeni. Bonde letu lote lilipasuka na kushuka, na milima iliyo nyuma ya kituo chetu ni ukingo wa mpasuko huo. Tabaka zilikatika kama mikeka iliyopangwa kisha ikakatwa kwa panga, upande mmoja ukashuka, mchanga wa huku ukaegemea udongo wa kule.

Hapo tuliuliza swali ambalo tunaona bado ni zuri: mchanga uliozikwa kilometa mbili chini, nani anajua uko wapi?

Kijana hakutujibu sisi. Alimgeukia kaka yetu. “Yaya, ukitupa jiwe la nanga, linarudi na nini?” Kaka akamwambia bila kufikiri: kwenye midomo ya vijito vinavyoteremka milimani, changarawe na mchanga, ukisogea ndani, mchanga laini, ukienda mbali zaidi, tope jeusi linalonuka. Kijana akafurahi sana. “Hiyo ndiyo kazi yetu.” Mto ukibeba mzigo, unaangusha kwanza kilicho kizito, na kilicho chepesi kinakwenda mbali. Ilikuwa hivyo mamilioni ya miaka iliyopita. Mtu akijua milima ya kale ilikuwa wapi na mito iliingilia wapi, anaweza kubashiri mchanga umelala wapi na tope wapi. Tena ziwa halikukaa mahali pamoja. Miaka ya ukame lilirudi nyuma, mito ikatandaza mchanga juu ya tope. Mvua ziliporudi, tope likafunika mchanga. Tope, mchanga, tope: mama, ghala na kifuniko, mmoja juu ya mwingine. Ndiyo sababu bonde hili linapendwa na watafutaji. Kaka yetu, ambaye hakumaliza darasa la tano, alikuwa akijua nusu ya elimu hiyo. Sisi tuliokuwa na Kilatini hatukuijua.

Kuna tena njia ya sauti. Mashua huvuta vyombo vinavyopiga mlipuko wa hewa majini, na nyuma yake kamba ndefu yenye masikio. Sauti hushuka, na kila inapogusa mpaka wa tabaka moja na nyingine, sehemu yake hurudi juu kama mwangwi wa milima. Masikio hupima muda kwa sehemu za elfu za sekunde, na kwa hesabu nyingi wanachora picha ya tabaka. Pale mchanga ulipo na gesi sauti hupunguza mwendo, na mwangwi hung'aa katika picha. Watu huona mng'ao huo wakapiga makofi. Lakini mng'ao una ujanja wake. Gesi kidogo isiyofaa kitu inaweza kung'aa karibu sawa na gesi nyingi, na picha haisemi ni gesi ya aina gani. Ng'ambo ya mto Semliki, upande wa Uganda, karibu kabisa na nchi yetu, kati ya mwaka 2002 na 2004 walitoboa visima vitatu vilivyoitwa Turaco. Gesi waliipata. Kumbe nyingi ilikuwa hewa ya makaa, ile isiyowaka. Huwezi kupikia chai.

Na petroli inayovuja yenyewe? Kibiro, ng'ambo ya ziwa, mahali wanawake wanapotengeneza chumvi kwenye chemchemi za moto, petroli inavuja kweli. Mzungu mmoja wa serikali ya Uganda, E. J. Wayland, aliandika habari za mivujo ya namna hiyo mwaka 1925. Ilikuwa dalili ya kweli kwamba mama yupo. Lakini fikirini: petroli inayotoka nje ni petroli iliyokosa kifuniko. Mvujo unakuambia kuna sufuria jikoni, haukuambii kama sufuria bado ina mchuzi. Mwaka 1938 walitoboa kisima cha Waki karibu na Butiaba, zaidi ya mita 1,200, wasipate petroli ya kuchukua. Vita ikaja, kazi ikalala. Ilikuwa mwaka 2006, kwenye kisima cha Mputa, ndipo petroli ya kufaa ilipoonekana, miaka 68 baadaye. Ziwa lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni picha za sauti na subira ya kuuliza mchanga uko wapi.

Kijana akatupa hesabu ndogo, nasi tuliifanya mara tatu kwa sababu hatukuiamini. Mama, ghala, kifuniko, mtego: vyote vinne lazima viwepo pamoja. Tuseme mtaalamu ana imani ya saba kwa kumi juu ya kila kimoja. Mtu husema, basi tumaini ni saba kwa kumi. Hapana. Unazidisha saba kwa kumi mara nne, unapata 24 kwa mia. Mtu mwenye akili, mwenye picha nzuri, mwenye kila sababu ya kutumaini, anakosa mara tatu katika nne.

Katika Kongo yetu mambo hayo yalitokea. Katika bonde kubwa la kati walitoboa Samba mwaka 1955 na Dekese mwaka 1956. Mwaka 1981 wakatoboa Mbandaka na Gilson, visima viwili vilivyopita mita 4,000. Visima vinne katika nchi pana kuliko Ufaransa, na petroli ya kuchimba haikupatikana. Waliovitoboa hawakuwa wajinga. Walikuwa wamekisia vizuri, na ardhi ikajibu vingine.

Lakini mara mtu anapofaulu mahali pamoja, hesabu inageuka kwa majirani. Baada ya Mputa, swali la mama lilikwisha kujibiwa kwa bonde zima upande ule. Ndiyo sababu Uganda, katika visima zaidi ya mia moja vya kutafuta na kupima, karibu tisa katika kumi vilikuta kitu. Watu wetu husema, basi na huku vilevile, ziwa ni moja! Sisi tunaona tumaini hilo lina msingi, kwani miamba haijui mpaka wa serikali. Ila mito iliyoshuka kwetu ilitoka milima mingine, ikaleta mchanga mwingine. Penye mteremko mkali hushuka mawe na tope vikichanganyika, na mchanganyiko wa namna hiyo hauachi matundu mengi. Sauti inaweza kuonyesha umbo. Kisima peke yake ndicho kinachojibu. Na upande wetu wa ziwa hakuna kisima kilichokwisha kutoa petroli. Yale mapipa bilioni 3 yalikuwa makisio ya yaliyomo, si ya kuchukuliwa. Uganda walikisia bilioni 6.5 zilizomo, na walizotumaini kuzitoa zilikuwa bilioni 1.4 tu. Nyingine hubaki zimeshikamana na punje.

Tusiyachukue makisio kama mchezo. Mwezi wa nane mwaka 2007, petroli ikiwa bado chini, watu waliuawa ziwani karibu na Rukwanzi, kisiwa kidogo cha wavuvi ambacho kila nchi ilisema ni chake. Mwezi uliofuata marais wawili walikutana Ngurdoto, Tanzania, kutuliza jambo. Kuna wavuvi wetu ambao mpaka leo hawapiti upande ule usiku.

Basi kijana akaondoka, sisi tukabaki na kazi. Tulimkuta kaka jioni akishona wavu wa mtu. Tukamweleza yote: kutu, fimbo, mchanga. Tukamweleza na jambo lingine tulilolijua siku zile, ambalo lilituumiza zaidi: hata kama ingalikuwa petroli, isingalikuwa yake. Sheria ya mwaka 2015 inasema petroli ya nchi ni mali ya Taifa, na hata kabla yake ilikuwa hivyo. Mwenye kinamasi ana maji na matete.

Kaka hakusema neno mpaka alipomaliza tundu alilokuwa analishona. Kisha akauliza: “Ile karatasi uliiandika wewe, sivyo?”

“Sisi, yaya.”

“Motere ilikuwa na miaka miwili.”

“Tunajua.”

Akaenda peke yake kinamasini na fimbo. Tulimwona kwa mbali akichoma, akingoja, akichoma tena. Tangu mwezi ule tunampa sehemu ya posho yetu, na mbuzi wakizaa tunagawana. Si nyingi.

Mwaka 2022, mwezi wa saba, serikali ya Kinshasa ilitangaza mnada wa maeneo 27 ya petroli na matatu ya gesi. Redio zikaimba tena. Jirani aliyeuza kinamasi alikuja kwa kaka na fedha zote alizopewa mwaka 2014, dola zimefungwa katika kitambaa, pamoja na kuku. Alikuwa na hasira, lakini alisema kwa adabu: “Mlinificha. Mlijua kuna petroli. Chukueni fedha zenu, nirudishieni kinamasi changu.”

Alikuwa amesema kweli kwamba tulimficha. Kaka alitutazama. Tulielewa macho yake. Kilichotakiwa ni sisi kunyamaza dakika tano, na nusu ya ile motere ingalirudi nyumbani siku ileile. Tutasema ukweli: tulinyamaza muda kidogo, tukihesabu. Kisha tukasema, “Mzee, kabla ya fedha, njoo kinamasini.”

Tukaenda watatu. Tukamvunjia tete, tukamwonyesha ngozi ikivunjika. Tukamdondoshea petroli katika bakuli kama tulivyoonyeshwa sisi. Tukamweleza kutu na vijidudu. Mzee alitazama bakuli, akatazama kinamasi, mwisho akatutazama sisi.

“Mwalimu,” akasema, “mwaka ule ulimwambia ndugu yako kwamba ndiyo. Leo unaniambia mimi hapana. Siku ipi ulikuwa unadanganya?”

Tukamjibu kwamba siku ile ya kwanza hatukudanganya, ila tulisema tusilolijua. Akatikisa kichwa. Alifunga kitambaa chake vizuri, akamchukua kuku chini ya kwapa, akaenda zake. Hakununua. Na bado huwaambia watu kwamba katekista na kaka yake wanangojea kampani. Mnada ule ulifutwa mwezi wa kumi mwaka 2024, lakini hilo halikumbadilisha mawazo.

Kaka hakutusemesha njia yote ya kurudi. Siku ya tatu alikuja kuazima jembe. Amepanda magimbi pembeni mwa kinamasi, mahali tope jekundu lilipo, nayo yanaota vizuri. Motere bado hatujaipata.